Mahafali ya shule ya msingi yasiyochosha: mwongozo kamili kuanzia orodha ya majina hadi kiti cha mwisho

Kila mwisho wa mwaka naletewa malalamiko yaleyale. Sherehe ilichelewa kuanza kwa saa mbili, hotuba zikameza mchana, watoto wakasinzia vitini, na zamu ya vyeti ilipofika mgeni rasmi alikuwa ameshaondoka. Vyeti vikagawiwa mlangoni, kila mtoto akichomoa chake kwenye rundo.

Walioandaa hawakuwa wavivu. Wengi walihangaika mwezi mzima. Kosa lao ni kuanza na mgeni, muziki na mapambo, kisha watoto wakaachiwa dakika zilizobaki. Hapa tunakwenda kinyumenyume: kwanza tunapima sekunde za kila mtoto jukwaani, halafu mengine yote yanakatwa yatoshe. Mfano wangu ni shule yenye wahitimu 96. Weka idadi yako, hesabu ni ileile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Orodha ya wahitimu iliyonakiliwa kutoka kwenye daftari la usajili. Usiitoe kichwani mwa mtu wala kwenye daftari la mahudhurio.
- Vyeti, pamoja na vingine kumi vitupu vya akiba.
- Maikrofoni mbili, betri mpya, spika mbili na waya mmoja wa ziada.
- Chaki au utepe wa kunata wa rangi, wa kuweka alama sakafuni.
- Meza moja ndefu ya vyeti, viti, na kivuli cha kutosha.
- Maji ya kunywa na sanduku la huduma ya kwanza.
- Kadi mbili kubwa za mtunza muda: moja imeandikwa DAKIKA 1, nyingine MUDA UMEKWISHA.
- Daftari la mapato na matumizi, na kitabu cha risiti.
- Fomu ya ridhaa ya picha kwa kila mzazi au mlezi.

Kuhusu watu, kamati ya watu saba inatosha. Ikizidi hapo mnakuwa mkutano. Ila mtunza muda asiwe mshereheshaji. Hizo ni kazi mbili zinazopingana, na anayezishika zote ataishia kuipenda ile ya maikrofoni.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya sekunde (wiki nane kabla)

Mtoto kuitwa, kupanda, kupokea cheti, kupeana mkono, kupigwa picha na kushuka: sekunde 20, kama mmefanya mazoezi. Watoto 96 mara sekunde 20 ni dakika 32. Ongeza tatu za dharura, zinakuwa 35. Hizo hazikopeshwi kwa mtu.

Sasa panga mengine kuzizunguka. Sherehe nzima isizidi saa mbili, kwa sababu baada ya hapo hata watu wazima huanza kutazama geti. Mgawanyo ninaoutumia ni huu:

- Kuingia kwa wahitimu na ukaribisho: dakika 10
- Maonyesho ya watoto: 25
- Risala ya wahitimu: 5
- Mwalimu mkuu: 5
- Mwakilishi wa wazazi: 5
- Kutoa vyeti: 35
- Kuwaaga walimu wanaoondoka: 5
- Mgeni rasmi: 10
- Picha ya pamoja: 15
- Akiba: 5

Jumla 120. Angalia mpangilio wenyewe: vyeti viko kabla ya hotuba ya mgeni rasmi. Nimebishiwa sana kwa hili, lakini sababu ni mbili na zote nimeziona. Mgeni akiitwa kazini ghafla, watoto watakuwa wameshapewa vyeti kwa mkono wake. Na mzazi ambaye mwanawe ameshaitwa husikiliza hotuba kwa moyo uliotulia. Picha ya pamoja inakaa mwisho kabisa ili watu wasiondoke baada ya jina la mtoto wao kusomwa.

## Hatua ya 2: Fedha zikae wazi

Andika bajeti kwanza, ndipo mpange mchango. Kamati nyingi hutaja kiasi halafu hutafuta cha kukinunulia. Panga kana kwamba familia moja kati ya kumi haitaweza kulipa, na kiasi hicho kibebwe na bajeti nzima.

Onyo: hakuna mtoto anayezuiwa cheti, kiti, chakula au picha kwa sababu ya mchango. Orodha ya wasiolipa isibandikwe popote na isisomwe darasani. Atakayedaiwa ni mtu mzima, kwa faragha. Mtoto wa miaka kumi na miwili hana mfuko wa kumtoa kwenye aibu hiyo.

Fedha zipokelewe na mhazini, risiti itoke papo hapo, na matumizi yaidhinishwe na watu wawili.

## Hatua ya 3: Majina (wiki sita kabla)

Hapa ndipo sherehe nyingi hufia, na ndipo nitakapokaa kwa muda.

Sahihisha kabla ya kuchapa. Mpe kila mzazi kipande cha karatasi chenye jina la mwanawe kama litakavyochapwa kwenye cheti, herufi kwa herufi. Akisome, arekebishe, atie sahihi, akirudishe. Kisichorudi baada ya wiki, mpigie simu. Vyeti visiende kuchapwa mpaka vipande vyote 96 viwe mezani. Ni kazi ya kuchosha, lakini inachosha kidogo kuliko kuchapa upya.

Tafuta waliosahaulika. Majina yanayodondoka ni yaleyale kila mwaka: aliyehamia katikati ya muhula, aliyelazwa hospitalini, aliyebadilishiwa mkondo, na mwenye majina mawili yanayofanana na ya mwenzake. Linganisha orodha na daftari la usajili mara mbili, kila mara kwa macho ya mtu tofauti.

Jifunze kuyatamka. Msomaji wa majina apite darasani na kumwomba kila mtoto alitaje jina lake mwenyewe. Asimwulize mwalimu, maana mwalimu naye huenda amelikosea kwa miaka saba na mtoto akaona haya kumsahihisha. Jina gumu liandikwe kwa silabi, na silabi inayokazwa ipigiwe mstari.

Andaa karatasi ya msomaji. Herufi kubwa, majina yasiyozidi 16 kwa ukurasa, yachapwe upande mmoja tu. Kwa wahitimu 96 utapata kurasa sita kamili. Chini ya kila ukurasa andika jina litakaloanza ukurasa unaofuata.

Hilo la mwisho lilinigharimu. Mwaka mmoja nilikuwa msomaji, kurasa mbili zikashikana kwa jasho la vidole vyangu, nikaruka majina ya ukurasa mzima bila kujua. Nilishtuka nilipomwona mvulana mmoja amesimama chini ya ngazi, kifungo cha shingo kimefungwa, amekodolea macho karatasi iliyo mkononi mwangu. Hakusema kitu. Tulirudi nyuma tukasoma majina yote 16, lakini sura ile haijanitoka. Tangu siku hiyo natumia kalamu ya risasi: jina likisomwa na mtoto akashuka, natia alama.

Panga vyeti kwa mafungu. Fungu moja la vyeti 16 kwa kila ukurasa wa msomaji, na karatasi ya rangi kati ya fungu na fungu. Kosa likitokea litabaki ndani ya fungu lake, halitavuruga 96 vyote. Kuna wanaogawa majalada matupu jukwaani halafu vyeti halisi baadaye ofisini. Siupendi mtindo huo. Mtoto hufungua jalada kabla hajafika kitini, na huwezi kumlaumu.

Kipimo cha hatua hii: mtu asiyewajua watoto aisome orodha kwa sauti mbele yao, na asiwepo wa kucheka wala kunong'ona.

## Hatua ya 4: Uwanja, jua na sauti (wiki nne kabla)

Nenda mahali pa sherehe saa ileile sherehe itakapofanyika. Ukienda jioni kukagua uwanja utakaotumika asubuhi, utakuwa umekagua uwanja mwingine.

Tazama jua liko wapi. Likiwa nyuma ya jukwaa, wageni wote watafinya macho na sura za watoto kwenye picha zitatoka nyeusi. Geuza jukwaa ili jua litoke nyuma ya wageni au ubavuni, kisha weka kivuli juu ya jukwaa ili walio juu nao wasiumie macho. Kivuli kikiwa haba, watoto wakipate kwanza, wazee na wagonjwa wafuate, viongozi baadaye.

Nafasi ikadirie kwa mita moja ya mraba kwa kila aliyekaa, njia zikiwemo. Wahitimu 96, wazazi wawili wawili ni 192, walimu na wageni 32: jumla 320. Kiwanja cha mita 16 kwa 20 kinatosha, bila ziada. Acha njia ya katikati yenye upana wa mita moja na nusu, ipitike kwa kiti cha magurudumu.

Jukwaa likiwa na ngazi bila mteremko, na kuna mtoto asiyeweza kupanda, toeni vyeti chini, kwa wote 96. Usimshushe mgeni rasmi kwa ajili ya mtoto mmoja huku wengine wakipanda. Mbele ya umati, wema wa namna hiyo humtenga mtoto.

Sauti: spika zikae mbele ya maikrofoni, zikiwatazama wageni. Zikiwa nyuma ya anayeongea, maikrofoni itadaka sauti ya spika yenyewe na kuanza kupiga mluzi. Mtu mmoja asimame safu ya mwisho mwingine akisoma jukwaani. Akiinua mkono, hasikii. Na kuwe na kipaza sauti cha mkononi kinachotumia betri, kwa ajili ya umeme kukatika.

## Hatua ya 5: Mgeni rasmi na hotuba

Barua ya mwaliko itaje mambo manne: saa ya kuanza, dakika kumi za hotuba, kwamba atatoa vyeti kabla ya kuongea, na idadi ya wahitimu. Kisha mpigie simu umwambie hayohayo kwa mdomo. Mgeni anayejua kwamba ana dakika kumi huandaa hotuba ya dakika kumi. Asiyeambiwa huja na alichonacho.

Kila hotuba ipimwe kwa kusomwa kwa sauti, saa mkononi, kwa mwendo wa jukwaani. Kusoma kimya hukudanganya, kwa kuwa macho yana mbio kuliko mdomo.

Risala waiandike wahitimu wenyewe na isomwe na wawili wanaopokezana. Mwalimu arekebishe tahajia, asibadilishe mawazo. Na niseme wazi: risala inayomfanya mtoto aombe madawati na vyoo mbele ya mgeni si risala ya kuaga. Maombi hayo yaandikwe na kamati ya shule kwenye barua, yapelekwe kwa heshima siku nyingine.

## Hatua ya 6: Maonyesho na zawadi

Dakika 25 zinabeba vipande vinne: wimbo wa kwaya, shairi au ngonjera, igizo fupi, na wimbo mmoja wa wadogo wanaobaki kuwaaga kaka na dada zao. Cha tano kikae akiba. Igizo lisizidi dakika saba. Watoto wakiachiwa, litafika ishirini, na mwishoni kutakuwa na mtu anayefufuka.

Zawadi za kitaaluma zisichanganywe na vyeti. Ukisimamisha mstari wa majina kila baada ya mtoto wa tatu ili kutoa tuzo, zile dakika 35 zinakufa na wasio na tuzo wanaonekana wazi. Zitolewe siku nyingine shuleni, au zote kwa mkupuo mmoja kabla ya vyeti, ndani ya dakika za maonyesho.

## Hatua ya 7: Mazoezi kwa saa (wiki moja kabla)

Fanya mazoezi mawili. La kwanza ni la kutembea tu. Chora alama tatu za chaki: chini ya ngazi, katikati, na juu pembeni. Wakati wowote watoto watatu wawe kwenye alama hizo, wanangoja. Chora na X pale anaposimama kupokea. Anapanda kushoto, anasimama kwenye X, anapeana mkono kwa kulia na kupokea kwa kushoto, anamtazama mpiga picha, anashuka kulia.

Zoezi la pili lifanyike na watoto wote 96, karatasi tupu badala ya vyeti, na saa ikihesabu. Kila mmoja akichukua sekunde 30 badala ya 20, dakika 32 zinakuwa 48. Mara nyingi kinachochelewesha ni nafasi kati ya mmoja na mwingine, wala si mwendo wa mtoto. Jina linalofuata lisomwe yule wa kwanza anapogeuka kushuka, si baada ya kufika chini.

Mkimaliza wote chini ya dakika 35 bila mtu kumsukuma mtoto, mko tayari.

## Hatua ya 8: Kuagana darasani (siku moja kabla)

Kamati nyingi husahau hatua hii, na mimi naiona kuwa ndiyo kuaga kwenyewe. Jukwaani mtoto anaagwa na umati. Wenzake atawaaga darasani, hivyo tenga saa moja na nusu bila wageni.

Kila mtoto aandike jina lake juu ya karatasi, kisha karatasi zizunguke na kila mwenzake aongeze mstari mmoja. Darasa la watoto 40 kwa dakika moja kila zamu linachukua dakika 40. Kabla karatasi hazijarudi kwa wenyewe, mwalimu azisome zote, na aandike mstari wake kwenye kila moja. Kati ya karatasi 40 hukosi moja yenye neno la kuumiza, na hukosi nyingine yenye mistari michache mikavu. Ya kwanza inakatwa. Ya pili mwalimu anaijaza zaidi, bila kusema.

Watoto hupenda kuandikiana kwenye mashati ya sare. Shati hilo huenda linasubiriwa na mdogo wake. Tandika shuka kuukuu ukutani na kalamu za wino usiofutika, waandike humo.

Kama mwalimu wa darasa naye anaondoka au anastaafu, watoto waambiwe siku hii na mwenyewe. Wasilisikie kwenye maikrofoni kesho yake.

Watakaolia waachwe walie. Wa kumwangalia zaidi ni yule anayekwenda peke yake kwenye shule asiyomjua mtu. Mara nyingi ndiye anayecheka kwa sauti kuliko wote.

## Hatua ya 9: Siku yenyewe

Ratiba ya mshereheshaji iwe na saa kamili. "Baada ya kwaya" si saa. Kama mnaanza saa tatu asubuhi, vyeti vinaanza saa tatu na dakika 50, na iandikwe hivyo.

Anza kwa wakati. Mgeni akichelewa robo saa, endelea: maonyesho na risala havimhitaji kwenye kiti. Asipofika hadi vyeti, mwalimu mkuu avitoe. Nimeona watu wazima wakitetemeka kwa uamuzi huo, lakini sijamwona mtoto aliyelalamika.

Muda ukibana, kata kwa mpangilio huu: kwanza shukrani za kurudiarudia za mshereheshaji, kisha igizo, kisha hotuba ya wazazi. Majina hayakatwi, wala hayasomwi harakaharaka.

Makofi nayo yapangiwe. Mshereheshaji awaombe wageni wapige pigo moja fupi kwa kila mtoto na kelele zote zisubiri mwisho. Bila hivyo, mwenye ukoo mkubwa anashangiliwa dakika nzima, na anayemfuata anapanda kimya.

Asiye na mzazi siku hiyo apangiwe mwalimu wa kumsubiri chini ya ngazi na kumpiga picha. Majina yao yajulikane tangu jana.

Ambao fomu zao hazikuruhusu picha kusambazwa wapewe alama ndogo anayoijua mpiga picha pekee, mathalani kitufe cha rangi kwenye mkono wa shati. Wapigwe picha za familia, ila zisiende kwenye makundi ya simu. Kwa picha ya pamoja, wasimame safu tatu za watoto 32. Kila mtoto huchukua kama sentimita 45, hivyo unahitaji upana wa mita 14 na nusu. Warefu wakae nyuma, safu ya mbele ikae chini.

## Hatua ya 10: Baada ya wageni kuondoka

Watoto watoke darasa kwa darasa, kila mmoja akikabidhiwa kwa mtu mzima anayefahamika kwa mwalimu. Vurugu za getini baada ya sherehe ni hatari kuliko chochote kilichotokea jukwaani. Walimu wawili wabaki hadi mtoto wa mwisho achukuliwe.

Kiti kihesabiwe kinaporudi. Hesabu ya fedha ibandikwe ndani ya siku saba, hata kama imebaki sarafu. Kabla kamati haijavunjwa, katibu aandike ukurasa mmoja: kilichochelewa, kilichopungua, na dakika halisi za kila kipengele, ili kamati ya mwakani isianze kwa kukisia.

Vyeti ambavyo havikuchukuliwa viorodheshwe kwa jina na simu ya mlezi, vilazwe ndani ya jalada gumu, vifungiwe kabatini ofisini. Mwenyewe akija hata baada ya miaka miwili, akikute chake kimenyooka.